Mashine Inayosaga Hewa

Mashine ya kusaga ikiwa na mahindi tumboni huunguruma kwa sauti nzito. Ikiwa tupu hulia kwa sauti nyembamba inayokwaruza meno. Mtu yeyote anayeishi jirani na mashine anajua tofauti hiyo hata akiwa usingizini. Mimi nimeshonea nguo kwenye kibaraza kinachotazamana na mashine ya shemeji yangu tangu nilipokuwa na kiuno cha kujivunia, kwa hiyo niligundua mapema kuliko wengine kwamba kuna jambo. Asubuhi hiyo foleni ilikuwa imekwisha, wanawake wameondoka na unga wao, na mashine ikaendelea kulia. Nikadhani amesahau kuizima. Nikasimamisha cherehani, nikavuka njia, nikachungulia mlangoni.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, macho ameyafumba. Ule mfuko mrefu wa kitambaa unaopokea unga, ambao nilimshonea mwenyewe kwa mshono wa kurudia, ulikuwa umevimba toka juu hadi chini, na ndani yake hamkuwa na kitu ila upepo. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Nilimgusa bega. Akafumbua macho, akazima mashine, akaniambia kwa sauti ya juu, maana asiyesikia hajui kunong'ona, kwamba alikuwa anaipasha moto. Mashine iliyosaga tangu alfajiri, eti inapashwa moto. Nikamwambia, shemeji, ukitaka kunidanganya nidanganye kwa mambo ya mbali, si ya hapa mlangoni kwangu. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Maana huyu alikuwa mtu wa kucheka. Watu walimwita Unga. Nyusi nyeupe, kope nyeupe, masikio meupe, na ukimkuta siku ya mapumziko ameoga ungempita bila kumtambua. Alimwoa dada yangu mkubwa nikiwa bado msichana, na tangu siku hiyo utani wetu haukupoa. Aliniita mke mdogo. Nilimjibu kwamba mimi siolewi na mwanamume anayeacha unga kwenye mto kila akiinua kichwa. Jioni alicheza drafti na seremala wa nyumba ya tatu, na vicheko vyao vilinifanya nishindwe kutunga uzi kwenye sindano.

Masikio yake yaliondoka kidogo kidogo, kama mteja anayehamia kwa fundi mwingine bila kuaga. Kwanza alianza kuchelewa kucheka, kwa sababu alisubiri kuona wenzake wamecheka. Kisha akaanza kucheka mahali pasipostahili. Siku moja seremala alikuwa anasimulia habari za mama yake aliyelazwa, na Unga, aliyekuwa akitazama midomo tu, akapasuka kicheko. Seremala akakunja ubao wa drafti, akaondoka nao. Watu wakasema Unga amevimba kichwa, haitikii salamu, anapita kama hatuoni. Kuwa kiziwi si kosa, lakini watu humsamehe kipofu upesi zaidi, kwa sababu upofu unaonekana. Unga akaacha kutoka jioni.

Dada yangu hakuwa mtu wa kushindana na mashine kwa koo. Ua ulitenganisha mashine na nyumba yao, na ndani ya ile kelele hata mvua kubwa huisikii. Basi akatunga njia yake. Alifunga kamba kwenye mlango wa jikoni, akaipitisha kwenye tundu la ukuta, na mwisho wake, mbele kabisa ya macho ya mumewe, juu ya swichi, akaning'iniza kitambaa chekundu kutoka kwenye masalio ya vitambaa vyangu. Akivuta kamba, kitambaa kinacheza, na Unga anakwenda. Kikicheza kwa hasira anakimbia. Wateja walimtania kwamba ndiye mwanamume pekee mtaani anayeendeshwa kwa usukani, naye alikubali kwa furaha.

Siku aliyokufa dada ilikuwa siku ya kazi, mchana kweupe, foleni imefika njiani. Mteja mmoja alizunguka nyuma kuomba maji ya kunywa, akamkuta chumba cha kulala, chini, mkono kifuani, uso ameuelekeza mlangoni. Jikoni kulikuwa mbali naye. Kitambaa hakikucheza, wanawake wote waliokuwa kwenye foleni walisema hivyo, kilikuwa mbele ya macho yao asubuhi nzima. Kwa hiyo kama aliita, aliita kwa mdomo, na mashine ikiwa inasaga mtaa wote ni viziwi, nami nikiwemo. Daktari alituambia kwamba moyo ukisimama namna hiyo mtu huenda hapati hata nafasi ya kusema neno. Sisi wengine tulilishika hilo la kutopata nafasi. Unga alishika lile huenda.

Mazishini hakutoa chozi. Watu wakamsifu, wakasema amejikaza kiume. Mimi nilimtazama nikasikia hasira imenijaa hadi kooni, maana nilikuwa nimevimba macho, na yeye amesimama pale kama mtu anayesubiri zamu yake. Baada ya siku chache akafungua mashine. Akahamishia mkeka wake humo, katikati ya magunia, akasema nyumbani kuna joto. Mlango wa chumba chao ulifungwa, na hakuna aliyethubutu kuufungua. Binti yake, ambaye mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu na haonekani ila kwa msimu, akarudi kukaa na baba yake pamoja na mtoto mchanga. Mtoto huyo alichelewa mno kuota meno, tukamwita Kibogoyo, na hata meno yalipotoka jina halikuondoka.

Siku chache baada ya kumkuta anasaga hewa, Unga alinijia kibarazani na ule mfuko wake wa kitambaa, umechanika pembeni. Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Nikaupokea, nikaanza kuutia kiraka, naye akanitazama mikono muda mrefu.

"Mke mdogo," akasema, "dada yako ananiita."

Nilidhani ndio utani umerudi, nikafurahi. Nikanyanyua uso nimjibu, nikaona kwamba si utani.

Nilimuuliza kwa midomo, polepole, anaitaje. Akasema anamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayelijua. Mashine ikiwa na mahindi anamsikia kwa mbali, kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Ikiwa tupu anamsikia vizuri. Ikizimwa, hakuna. Ndiyo maana anaiacha ilie.

"Na wewe unamwitikia?"

Alinitazama kama niliyemwambia atie mkono kwenye mkanda wa mashine. Sote tuliambiwa utotoni: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza, maana ukiitika umekubali kwenda. Yeye alinyamaza. Alisimama tu, akasikiliza, siku baada ya siku, mke wake akiita.

Nitasema ukweli jinsi nilivyojisikia. Niliona wivu. Huyo alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wa mtu, tumelala kitanda kimoja, tumeugua surua pamoja, na sasa eti amepata sauti na anaitumia kumwita mwanamume. Kesho yake mchana nilikwenda nikamwambia Unga aniwashie mashine tupu. Hakuuliza kwa nini. Nikasimama pale aliposimama yeye, nikafumba macho, nikatarajia kusikia hata kikohozi cha dada. Nilisikia chuma. Vumbi la unga likanijaa puani, sakafu ikanitetemesha hadi magoti, na meno yakaniuma. Nilipotoka masikio yalikuwa yanapiga mluzi, na mluzi huo haukuniacha hadi jioni. Nililia njia nzima, ingawa njia yenyewe ni fupi ya kuvuka tu.

Kuanzia hapo nilimwona akipungua. Fundi cherehani hahitaji mizani. Mimi niliipunguza suruali yake kiunoni, kisha nikaipunguza tena, kisha nikamwambia hiki kitambaa sasa kitatosha watu wawili. Alikula kama anayetimiza ahadi. Alikohoa vumbi. Kichwa kilimuuma, na kwa usingizi nadhani alikuwa anapata ule wa kusinzia tu, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu hata kabla hajagusa gunia la kwanza. Mtaa nao ukawa na madaktari wengi. Mmoja akasema amerogwa na mwenye mashine wa barabara ya juu. Mwingine akasema ni kilevi, na Unga hajui hata harufu yake. Wengi walisema akili si zake tena, wakaanza kuwatuma watoto badala ya kuja wenyewe. Hakuna aliyesema kwamba mtu akikaa kwenye kelele miaka yote hiyo, akavuta vumbi, akafiwa na aliyekuwa akimwongoza kwa kamba, akalala juu ya magunia, akanyimwa hata drafti, ataugua tu, na hahitaji mchawi. Mimi nilisema. Nilisema kwa hasira, kwa hiyo hawakunisikia.

Binti yake hakuwa na habari ya wito. Baba alikuwa amenikataza kumwambia, nami nikaona aibu ya kuwa mpeleka maneno. Yeye alijua tu kwamba baba haitiki. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, akirudi mchana amechoka, na alikuwa amejifunza kumshika baba yake mkono kabla ya kusema naye. Kibogoyo hakujua mbinu hiyo. Alikuwa anaita babu, babu, babu, hata anachoka, kisha anakwenda zake kucheza na vifungo kwangu. Baadaye akaacha kabisa kumwita. Hilo lilimuuma mama yake kuliko yote, mtoto mdogo kiasi hicho kuwa amekata tamaa na mtu.

Siku ile nilikuwa nimeishiwa uzi mweusi. Kibogoyo alikuwa kwangu. Nikamvusha njia, nikamkabidhi kwa Unga, nikamwonyesha kwa vidole, kama wote tunavyosema naye mle ndani, kwamba nakwenda na kurudi. Akaitikia kwa kichwa. Wateja hawakuwepo. Dukani sikukaa, ila nilipokuwa narudi nilisikia mashine inalia ile sauti nyembamba, na ndani ya sauti hiyo nikasikia nyingine.

Nilikimbia na umri wangu wote. Ncha ya gauni la mtoto ilikuwa imeshikwa na mkanda, imejiviringisha, na kitambaa kilikuwa kinamvuta kuelekea kwenye gurudumu la mota. Alikuwa amejishikilia kwenye mguu wa benchi kwa mikono yote miwili, akilia kwa nguvu zake zote. Na Unga alikuwa amesimama karibu naye, kiasi kwamba angenyoosha mkono angemfikia, mikono nyuma, macho amefumba, anatabasamu.

Nilipiga swichi. Mkanda ukazunguka bado kidogo, kisha ukasimama. Nilichana lile gauni kwa meno, sikukumbuka kwamba mkasi ulikuwa mfukoni mwangu. Mkono wa mtoto ulikuwa umechubuka toka kiwiko hadi begani na damu inatoka, lakini ulikuwa mzima. Unga akafumbua macho. Hakutuona mara moja.

"Mbona umezima?" akaniuliza. "Leo alikuwa ananiita karibu sana."

Kisha akamwona mtoto mikononi mwangu, akaona gauni, akaona mkanda. Sijapata kuona uso ukibadilika vile na sitaki kuona tena. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Siku hiyo nilimwambia binti kila kitu. Alinisikiliza huku anamfunga mtoto bandeji, na alipomaliza hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akaenda kwa baba yake, akamshika mkono, akamwambia akiwa amemtazama usoni kwamba anampenda, na kwamba kesho yake wataonana na wataalamu wa masikio, na kwamba akikataa yeye atafunga mizigo na mtoto na hatarudi. Aliyasema polepole ili asome kila neno. Unga akasema sawa. Angesema sawa hata kama angeambiwa aende kunyongwa.

Tulikwenda watatu. Mpima masikio alikuwa dada mmoja kijana, mpole, mwenye kucha fupi kama za fundi. Alimfungia Unga ndani ya kijumba kidogo chenye kioo, akamvika vidude masikioni, akamwambia anyanyue kidole kila akisikia mlio. Tulikaa nje tukitazama. Kidole kilikaa chini muda mrefu sana. Binti akageuza uso.

Baadaye yule dada alitueleza, akaandika pia na kumwonyesha Unga, ili asikose kitu. Alisema kelele zimeyachosha masikio hadi yamekufa sehemu kubwa. Alisema sikio lenye njaa ya sauti hujitafutia, na ndani ya mngurumo usiokatika kichwa huokota maneno, na huokota yale ambayo mtu anayatamani au anayaogopa. Mtu akiwa na msiba asioulia, akiwa halali, hali, hana wa kuongea naye, sauti hizo hupata pa kukaa. Si wazimu, akasema, na wala si peke yake. Angempa vifaa vya masikio. Angempeleka kwa mshauri wa mambo ya msiba, mtu wa kukaa naye na kuzungumza. Mashine aisimamie mwingine, na yeye alale kitandani kama binadamu.

Unga aliuliza swali moja tu. "Na yeye ataondoka?"

Yule dada alitabasamu. Alidhani anatoa habari njema. Akamwambia kwamba watu wengi wakianza kusikia sauti za nje, zile za ndani hufifia, na wengine huondokewa kabisa. Unga akashukuru. Akapokea kile kisanduku chenye vifaa, akakifunga vizuri, akakitia mfukoni, na njia yote ya kurudi alikiwekea mkono juu.

Kisanduku kilikaa juu ya gunia la pumba siku nyingi. Binti alikuwa akikitazama kila akipita, na nilijua kwamba ameanza kukunja nguo za mtoto. Mashine ilisaga mahindi ya watu, na foleni ikiisha ililia. Siku moja nikasimamisha cherehani, nikavuka, nikazima swichi, nikakaa mbele yake juu ya debe lililopinduliwa. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Shemeji ana haki ya kutukana shemeji yake, na mimi nilikuwa nimeyapanga matusi yangu kwa mpangilio mzuri.

"Dada yangu amekufa," nikamwambia, nikiyatengeneza maneno kwa midomo. "Ulimzika. Nilikuona."

"Najua amekufa."

"Basi vaa hivyo vitu. Binti yako anaondoka."

Akatazama mikono yake. Unga ulikuwa umemkaa kwenye mikunjo ya vidole, haukuwa wa kuoshwa tena.

"Mke mdogo, wewe unadhani nataka kumsikia kwa sababu ya raha," akasema. "Sina raha yoyote. Siku ile aliita na sikwenda. Mpaka leo anaita kwa sababu hakuna aliyekwenda. Sasa nikijifanya nisimsikie, atakuwa anaita, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba anaita. Nitamwachaje mtu anaita peke yake?"

Matusi yangu yote yakaniishia. Nilikaa juu ya lile debe nikamwona dada yangu pale chini, uso mlangoni. Sikujua kama aliita. Hakuna anayejua, na hatutajua. Lakini nilielewa kwamba mtu huyu hakuwa amekaa na kumbukumbu ya mkewe. Alikuwa bado yuko katika mchana ule ule, na foleni mbele yake, na hajaweka gunia chini.

"Basi mwitikie," nikamwambia.

Alitikisa kichwa. Nikamwona anaogopa kama mtoto.

"Mwitikie, Unga. Ukiitika ukachukuliwa, nitakushonea sanda nzuri. Lakini hutachukuliwa. Mtu aliyeitwa huitika, halafu huenda. Wewe hujaitika wala hujaenda. Nitakaa hapa na binti yako atakaa hapa. Tutakushika."

Nilimwita binti, aliyekuwa uani anaanua nguo. Akaja na Kibogoyo kiunoni. Nilimwambia kwa maneno machache, akamweka mtoto nje mlangoni mbali na mkanda, akamshika baba yake kwa mkono wa kushoto, mimi nikashika wa kulia. Kwa mkono wangu ulio huru nikawasha mashine.

Ikalia. Mfuko wa kitambaa ukajaa upepo, ukainuka. Unga akafumba macho. Tulisimama, na sisi wawili hatukusikia chochote ila chuma, lakini nilijua alipoanza kusikia kwa sababu vidole vyake vilikaza vyangu hadi mifupa ikauma. Shingo yake ikageuka kidogo upande wa ua. Jasho lilikuwa linachora mistari kwenye vumbi la uso wake. Alifungua mdomo, akaufumba, akaufungua tena.

"Naam," akasema. "Naam, mke wangu. Nakuja."

Nilingoja kitu kitokee, sijui kitu gani. Mashine ikaendelea kulia. Kisha akajitoa mikononi mwetu, si kwa nguvu, kama mtu anayevua koti, akatoka nje akiwa bado amefumba macho nusu. Alikatiza uani. Akapita jikoni, akapita sebuleni, akafika kwenye mlango ule uliofungwa, akausukuma kwa bega. Mbao zilikuwa zimevimba, zikamkatalia, akausukuma tena ukafunguka. Tulimfuata hadi sebuleni tukasimama. Aliingia, akapiga magoti pale sakafuni, mahali penyewe, akaweka viganja viwili chini.

Nilirudi mbio nikazima mashine, nikambeba Kibogoyo, nikarudi sebuleni.

Mtaa ukawa kimya. Na katika kimya hicho kikatoka chumbani kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima. Asiyesikia hajui analia kwa sauti gani. Alilia kwa kifua chote, bila kujizuia, bila kuona haya, na kilio kikatoka dirishani, kikavuka njia. Wanawake walisimama na ndoo zao. Seremala alitoka kwenye karakana yake na randa mkononi, akasogea hadi uani kwa Unga, akavua kofia. Binti alitaka kwenda kufunga mlango, kumsitiri baba yake, nikamzuia. Nikamwambia aache, huu ndio msiba wenyewe, umechelewa tu kufika.

Kilio kilidumu muda mrefu, kikapungua kidogo, kikapanda tena. Binti akaenda kuchukua kile kisanduku juu ya gunia la pumba, akapangusa pumba kwa gauni lake, akaingia chumbani. Alipiga magoti nyuma ya baba yake. Akamvisha kifaa kimoja sikioni, taratibu, kama alivyofundishwa, kisha cha pili, akabonyeza vitufe. Unga aliendelea kulia bila kumzuia.

Kisha nikamwona anashtuka. Akainua kichwa, akageuka kutazama mlangoni, akatutazama sisi, akamtazama binti yake, machozi na unga vimefanya uji usoni. Kifua chake kilikuwa bado kinapanda na kushuka.

"Nani analia?" akauliza.

"Ni wewe, baba," binti akamjibu.